Annamacharya na Nyimbo Zilizochorwa kwenye Shaba

Tallapaka Annamacharya, ambaye Watelugu wengi humwita Annamayya, alizaliwa katika kijiji cha Tallapaka kusini mwa India, eneo ambalo leo ni jimbo la Andhra Pradesh, na kwa mujibu wa mapokeo aliishi tangu mwaka 1408 hadi 1503. Utunzi wake aliuelekeza kwa Venkateswara, yaani umbo la mungu Vishnu linaloabudiwa katika hekalu la Tirumala, juu ya vilima vya Tirupati. Inasimuliwa kwamba alitokewa na mungu huyo akiwa na umri wa miaka 16, na kwamba tangu hapo hakuacha siku ipite bila kutunga wimbo.

Nyimbo hizo huitwa sankirtana, yaani nyimbo za sifa zenye kiitikio kifupi na, kwa kawaida, beti tatu. Ijapokuwa Kisanskriti ndicho kilichotukuzwa kuwa lugha ya elimu na ibada, Annamacharya alitunga zaidi kwa Kitelugu, akachukua hata miundo ya nyimbo za kubembeleza watoto na za wanawake wanaotwanga nafaka. Baadhi ni za toba na tafakuri. Nyingi zaidi ni za mapenzi, na humo mshairi huvaa nafsi ya mwanamke, mara nyingi Alamelumanga, mke wa Venkateswara, anayenuna, anayesubiri na hatimaye kusamehe. Kwa wafuasi wa bhakti, ambao humwendea Mungu kwa mapenzi ya moyo, hamu ya mpenzi ni sura halisi ya ibada. Wimbo wake mashuhuri, "Brahmam Okate", unashikilia kwamba Uungu ni mmoja na kwamba usingizi wa mfalme hautofautiani na wa mtumishi wake, kauli nzito mno katika jamii iliyogawanywa kwa matabaka ya kuzaliwa.

Mjukuu wake Chinnanna, aliyeandika maisha yake kwa mashairi, anasimulia kwamba Saluva Narasimha, mtawala ambaye baadaye alitwaa kiti cha dola ya Vijayanagara, alitaka asifiwe kwa nyimbo kama zile za mungu, na mshairi alipokataa akafungwa minyororo.

Ushairi ulikuwa urithi wa nyumba nzima: mkewe Timmakka huhesabiwa kuwa mshairi wa kwanza mwanamke katika Kitelugu, na mwanawe, Pedda Tirumalacharya, ndiye aliyesimamia kuchorwa kwa nyimbo za baba yake kwenye mabamba ya shaba, yakawekwa katika chumba kidogo cha mawe hekaluni. Kati ya nyimbo 32,000 anazohesabiwa, zaidi ya 12,000 zimesalia. Hata hivyo, mabamba yalibeba maneno pamoja na jina tu la raga, yaani utaratibu wa sauti unaoongoza uimbaji, wala si mahadhi yenyewe, na hiyo ni hasara isiyofidika.

Katika karne ya 20, wasomi walipoyachunguza mabamba hayo na nyimbo kuchapishwa, wanamuziki kama Rallapalli Ananta Krishna Sharma walizitungia mahadhi mapya, na sauti ya M. S. Subbulakshmi ikazieneza mbali kupitia santuri. Ndiyo maana wimbo mmoja wa Annamacharya huweza kusikika leo kwa mahadhi mawili au matatu tofauti, na hakuna mwimbaji awezaye kudai kwamba ya kwake ndiyo ya mtunzi.