Nyuki Waliopigana Vita na Siku Tunazozikumbuka

Sogeeni, wajukuu zangu wa Mtinko. Katika nchi hii nyuki wameingia vitani mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa hapa kwetu, katika nchi ya Wanyaturu. Mara ya pili ilikuwa Tanga, kando ya bahari. Vita vya Tanga vina siku, mwezi na mwaka, na vitabu vinaeleza kilichotokea kila siku hadi wavamizi walipoondoka. Vya kwetu havina siku hata moja kwenye kalenda. Leo nitawaeleza kwa nini iko hivyo. Mkilielewa hilo, mtaelewa pia zile kumbukumbu za mashujaa mnazozisikia redioni kila mwaka zimetoka wapi.

Nianze na Tanga. Mwaka 1914 Wazungu walianza kupigana wao kwa wao huko Ulaya. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani, na Kenya ilitawaliwa na Waingereza, basi vita vikavuka bahari vikatufikia. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilionekana mbele ya Tanga zikiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Jenerali wao, Aitken, aliamini mji ungeanguka bila taabu. Kabla ya kushambulia, nahodha mmoja alishuka kuwataka Wajerumani wasalimu amri. Nao wakaomba muda wa kufikiri. Walipokuwa "wakifikiri", kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa akiwaleta askari kwa treni kutoka upande wa Moshi. Hata hivyo alipata watu kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari Waafrika.

Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4 Novemba. Nje ya mji kulikuwa na mashamba, na juu ya miti ilitundikwa mizinga ya magogo, kama hii hii mnayoiona hapa Singida. Ninyi ni watoto wa nchi ya asali, kwa hiyo sina haja ya kuwafundisha kwamba nyuki hawapendi kishindo. Risasi zilipoanza kuvuma na kupasua mizinga, makundi yakatoka kwa hasira. Yakawashambulia Wahindi na Waingereza, wakakimbilia ufukweni. Yakawashambulia na Wajerumani pia, wengine wakaziacha bunduki zao za rashasha zikiwa kimya. Nyuki hakuuliza mtu bendera yake.

Tarehe 5 Novemba Waingereza walipanda meli wakaondoka, wakaacha nyuma bunduki, rashasha na risasi nyingi ambazo Wajerumani walizitumia baadaye. Msije mkadhani nyuki ndio walioshinda vita vile. Askari wa Aitken walikuwa wamechoka na safari ndefu ya baharini, na mkubwa wao alikuwa amekataa kuwapeleleza maadui kwanza. Lakini aibu ya kushindwa hutafuta sababu. Baadhi ya Waingereza walisema Wajerumani waliwatega kwa nyuki makusudi. Hadi leo vita vile huitwa Vita vya Nyuki.

Sasa turudi kwetu. Miaka michache kabla ya hapo, karibu na mwaka 1908, Wajerumani walikuwa wakitia mkono wao katika nchi ya Wanyaturu: kodi, kazi za lazima, viboko. Akatokea mwanamke mmoja, Liti, mganga aliyesikilizwa na watu wengi, akakataa. Wazee wanasimulia kwamba Wajerumani walipomjia aliwatuma nyuki, na askari wenye bunduki wakatawanyika mbele ya wadudu. Mwishowe Wajerumani walimuua. Mkienda Singida mjini kutazama mpira, uwanja mnaoingia, ule ambao wazazi wenu waliuzoea kwa jina la Namfua, sasa unaitwa Uwanja wa Liti kwa heshima yake.

Mwaweza kuniuliza: babu, kwa nini nyuki wa Tanga wana tarehe na wa Liti hawana? Jibu ni kalamu. Pale Tanga kila afisa alikuwa na daftari. Wakubwa walitaka ripoti, meli ziliandika saa za kufika na kuondoka, na Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika kitabu baada ya vita. Liti na watu wake hawakuweka daftari. Waliweka masimulizi, na masimulizi huhifadhi jina na tendo vizuri sana, ila tarehe huiangusha njiani.

Ndiyo maana siku nyingi za vita vya zamani vya nchi yetu zimetufikia kupitia mikono ya waliokuwa maadui zetu. Chukueni mfano wa Lugalo, Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 kamanda wa Kijerumani aliyeitwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa akipita na msafara mrefu katika nchi ya Wahehe. Wapiganaji wa mtawala wao, Mtwa Mkwawa, walikuwa wamejificha vichakani. Walipotoka na mikuki, Wajerumani hawakupata hata nafasi ya kujipanga. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Walioshinda walikuwa Wahehe, lakini jiwe la kumbukumbu pale Lugalo lilisimamishwa na Wajerumani kwa ajili ya watu wao. Sisi tumelichukua jina: kambi kubwa ya jeshi letu jijini Dar es Salaam inaitwa Lugalo.

Wajerumani walirudi na mizinga, safari hii ile ya chuma, wakaiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894. Mkwawa aliwapiga chenga porini kwa miaka karibu minne. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona wamemkaribia, alijipiga risasi badala ya kukamatwa. Wakakichukua kichwa chake. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Songea nako wana siku yao, tarehe 27 Februari. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 katika milima ya Wamatumbi, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa maji akiwaambia risasi hazitawadhuru. Wajerumani walimnyonga mapema, lakini moto ulikuwa umeshaenea kusini kote hadi Ungoni. Siku hiyo ya Februari 1906 waliwanyonga viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 na kuwazika katika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji ule umebeba jina lake, naye alinyongwa. Kisha wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wana wa Songea hawakuiacha tarehe ile ipotee. Walijenga makumbusho pale pale, na kila Februari hukusanyika. Miaka 117 baadaye, Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi. Msidhani hilo lilikuja lenyewe. Siku inayokumbukwa kila mwaka humkumbusha hata yule anayetamani kusahau.

Ipo siku nyingine inayofundisha jambo. Dunia nzima hutaja tarehe 11 Novemba 1918 kuwa mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Kweli bunduki zilinyamaza Ulaya siku hiyo. Huku kwetu Lettow-Vorbeck alikuwa bado anapigana kule ambako leo ni Zambia, habari ikiwa haijamfikia. Alikabidhi silaha tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala. Siku zote hizo wapagazi wa Kiafrika waliendelea kubeba risasi na vyakula vichwani. Katika vita vile vyote makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, homa na kuhara. Soko la Kariakoo limesimama mahali palipokuwa kambi yao. Kwa hiyo mtu akiwaambia "vita viliisha siku fulani", muulizeni: viliisha kwa nani?

Siku ya taifa letu zima ni tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara. Wengine huweka sime, shoka, upinde na mishale, na shada la maua. Angalieni silaha hizo. Ni zile zile za Lugalo na za Ungoni, na zinawekwa kwa ajili ya mashujaa wote, hata wa juzi waliopigana kwa vifaru. Nao hao wa juzi wengi ni wa Vita vya Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya Kagera. Novemba Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Wengi wa askari wetu waliokufa wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera.

Sasa fanyeni hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70. Katika vijiji vyetu wapo waliokwenda mstari wa mbele, wapo waliochangia ng'ombe na nafaka, wapo kina mama waliobaki wakilima peke yao. Hawa hawahitaji kusubiri afisa wa kigeni awaandikie. Wana ninyi, na ninyi mna madaftari.

Mwendeeni mzee kwa adabu, mumwamkie, msimkatize. Akisema hakumbuki mwaka, msikate tamaa, mpeni vigingi vya kujishikiza. Ilikuwa kabla au baada ya watu kuhamishiwa vijijini? Ilikuwa ule wakati sukari na sabuni vilipoadimika madukani? Mtoto wake yupi alikuwa ananyonya? Mvua ilikuwa nzuri au mtama ulikauka shambani? Kwa maswali hayo mwaka utajitokeza wenyewe, na pengine hata mwezi. Juu ya karatasi andikeni tarehe ya mazungumzo, jina la msimulizi na jina la kijiji. Muulizeni pia kama anakubali habari yake isomwe na wengine. Akikubali, nakala moja mpeni mwalimu wa historia.

Na wazee wawili wakipingana kuhusu siku, msiamue ninyi nani mkweli. Andikeni maneno ya wote wawili kama walivyoyasema. Mtu atakayekuja baadaye na ushahidi mwingine ataweza kupima, mradi amekuta kitu cha kupimia.