Wi-Fi ya nyumbani: mlango tunaosahau kufunga

Kila jioni tunafunga mlango wa lupango na kuhesabu watoto kama wote wameingia. Lakini kuna mlango mmoja unaobaki wazi usiku kucha: Wi-Fi. Mawimbi yake hayasimami ukutani. Yanapita dirishani, yanafika kwa jirani na hata barabarani.

Katika vikundi vyetu tunasikia malalamiko yale yale: giga zilizonunuliwa kwa mwezi mzima zimekwisha kwa siku chache. Mara nyingi aliyezila hakuvunja kitu. Mtoto wetu alimpa rafiki yake neno la siri, naye rafiki akampa mwingine.

Zamani hasara hiyo ilikuwa ndogo, kwa sababu Wi-Fi ilikwenda polepole. Ile ya kwanza, ya mwaka 1997, ilipitisha megabiti 2 tu kwa sekunde. Mwaka 1999 ilifika 11, mwaka 2003 ikafika 54, na ile ya 2009, inayoitwa leo Wi-Fi 4, inaweza kufika 600. Wi-Fi 6 ya 2019 na Wi-Fi 7, iliyoanza kupewa cheti Januari 2024, zinahesabiwa kwa maelfu. Saa moja ya video safi inaweza kula hadi giga 3. Basi kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo mgeni asiyealikwa anavyoweza kumaliza forfe ya familia kabla ya jua kuzama.

Tusidanganywe dukani pia. Wi-Fi ni njia ya kutoka modemu hadi telefoni tu. Ikiwa intaneti inayoingia nyumbani ni megabiti 5, modemu ya bei kali haitaizidisha. Ni kama kufunga bomba pana kwenye robine inayotoa maji kidogo.

Tufanye nini?

Kwanza, tubadilishe neno la siri lililoandikwa kwenye modemu. Lipya liwe na herufi 12 au zaidi, lisiwe jina la mtoto wala namba ya telefoni.

Pili, modemu ina neno lingine la siri, la kuingia katika mipango yake. Mara nyingi ni «admin», na kila mtu analijua. Anayeingia hapo anaweza kutufungia nje, au kutupeleka kwenye kurasa bandia zinazofanana na za benki.

Tatu, tuchague kufuli ya WPA3, au WPA2 kama telefoni zetu ni za zamani. Ile ya WEP tuiache; wataalamu waliivunja tangu 2001.

Nne, tukubali telefoni na modemu zifanye masasisho. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alionyesha ufa katika WPA2, na dawa yake ilikuwa masasisho hayo.

Wengi wanauliza juu ya pesa za likelemba zilizo katika telefoni. Tunapobonyeza namba zinazoanza na nyota, ombi letu linapita kwenye laini ya telefoni, si kwenye Wi-Fi. Programu za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ndizo zinazoweza kupita Wi-Fi. Kwa hiyo, tukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya mtu tusiyemjua, heri tuizime kabla ya kutuma pesa.

Kufunga Wi-Fi si uchoyo. Modemu nyingi zina Wi-Fi ya wageni, yenye neno lake la siri. Mtoto wa jirani anayejitayarisha kwa mtihani wa Serikali tumpe hiyo, na mtihani ukiisha tulibadilishe. Kugawa kwa kupenda ni jambo jema. Kuchukuliwa bila kujua ni jambo lingine.

Katika mkutano ujao, kila mama aje na telefoni yake. Wanaojua wawaonyeshe wengine, na binti zetu watusaidie. Ni kazi ya dakika chache, na giga zitakazobaki ni pesa ya unga.