Karatasi za Kubandika Ukutani: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kupamba Nyumba

Tuko Alunguli, komini ya Kindu iliyo upande wa kuume wa mto Lualaba.

Siku hizi, ukitembelea waamini nyumba kwa nyumba, unakuta saloni zimevaa nguo mpya. Pale palipokuwa na kalenda za miaka iliyopita au kikwembe kilichopigiliwa misumari, sasa kuna karatasi yenye maua, au yenye sura ya matofali na mbao. Ni zile karatasi za plastiki zenye gundi mgongoni: unabandua ngozi ya nyuma na kugandamiza ukutani, bila maji wala brashi. Kwetu zinavuka mto kwa mtumbwi kutoka sokoni Kasuku. Akina mama wengi wanauliza kama ni vizuri kuzinunua, na makanisa mengine yanataka kuzibandika nyuma ya mimbari. Tuangalie jambo hili kwa utulivu.

Kwanza, kupamba nyumba si dhambi. Hema la kukutania lilikuwa na mapazia ya rangi, na Mungu mwenyewe aliwapa mafundi ujuzi wa kuyafuma (Kutoka 35). Mama anayetaka wageni wake waketi mahali pazuri anafanya jambo la heshima. Swali ni hili: ukuta wenyewe uko katika hali gani?

Karatasi hii ni plastiki, na plastiki haipitishi maji. Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi au ya kuchoma, na nyingi hazina msingi wa kuzuia maji. Wakati wa mvua, maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta. Ukuta wa udongo uliosiribwa vizuri huyatoa maji hayo polepole kwa hewa, kama mtu anavyotoa jasho. Ukiufunika kwa plastiki, jasho linabaki ndani. Gundi inaachia, pembe zinajikunja, na nyuma yake ukungu mweusi unaota mahali pasipoonekana. Mchwa nao hupenda giza na unyevu: watapanda nyuma ya maua mpaka kwenye mbao za paa kabla mwenye nyumba hajajua.

Hilo linagusa afya. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa mwongozo juu ya unyevu na ukungu ndani ya nyumba, likaonyesha kwamba wanaoishi humo wanapata zaidi kikohozi, kukosa pumzi na pumu. Chumba ambacho watoto wanalala kisifunikwe kabla ukuta haujapimwa.

Kupima si kazi ngumu. Chukua kipande cha nailoni safi, nusu mita kila upande, ukibandike ukutani karibu na chini kwa utepe wa gundi, ukifunga kando zote nne. Kiache siku moja usiku na mchana. Wakati wa mvua, siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani au ukuta umekuwa mweusi hapo, usibandike kitu. Rekebisha kwanza paa linalovuja, chimba mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba, halafu ngoja kiangazi. Ukuta uliopakwa simenti mpya nao ungoje karibu mwezi mzima. Na kama ukipitisha kiganja kinarudi na vumbi, gundi itashika vumbi, haitashika ukuta. Ukuta wa namna hiyo unapendeza zaidi kwa chokaa au udongo mweupe, ambao unauacha upumue na kila mwaka unaweza kupakwa tena kwa pesa kidogo.

Ukuta ukiwa mkavu, laini na imara, fanya hesabu kabla ya kuvuka mto. Roli nyingi zina upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 10. Lakini pima mwenyewe pale dukani. Ukuta wa mita 4 unahitaji vipande 9. Ukiwa na kimo cha mita 2.5, kila kipande kikatwe mita 2.6 ili kuwe na ziada ya kusawazisha. Roli moja itatoa vipande 3, kwa hiyo roli 3 zinatosha ukuta mmoja. Chumba kizima cha mita 4 kwa 3 kinaweza kula roli 10 au 11. Kupamba ukuta mmoja tu, ule ambao wageni wanaukabili, kunatosha, na pesa ya shule inabaki.

Siku ya kubandika, futa ukuta kwa kitambaa, uache ukauke. Ning'iniza uzi wenye jiwe ili kipande cha kwanza kinyooke. Bandua kidogo kidogo kutoka juu, ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda kando. Usibandike karibu na jiko la makala, taa ya mafuta au mahali pa mishumaa: plastiki hii inashika moto, na moshi wake unachoma koo na mapafu. Kwa sababu hiyo, kanisa linalowasha mishumaa ya ibada lisiibandike nyuma ya mimbari. Na mpangaji aombe ruhusa, maana siku ya kubandua, rangi ya mwenye nyumba inaweza kutoka pamoja na gundi.

Neno la Mungu linajua habari hii ya kuta. Katika Walawi 14, doa la kijani au jekundu likionekana nyumbani, kuhani anaitwa. Vyombo vinatolewa nje, nyumba inafungwa siku saba, mawe mabovu yanaondolewa, ukuta unakwanguliwa na kusiribwa upya. Hakuna anayeruhusiwa kulifunika doa. Ezekieli 13 inawakemea wanaopaka chokaa ukuta dhaifu, kwa sababu mvua itakuja na walio ndani wataumia.

Ninawaomba wachungaji na mashemasi wenzangu: tunapotembelea nyumba tuombe, halafu tutazame pia ukuta na paa. Tukimkuta mjane ambaye ukuta wake umelowa, vijana wa kanisa wanaweza kumchimbia mfereji kwa asubuhi moja na kubadilisha bati lililotoboka. Mwaka ujao, ukuta ukikauka, atachagua mwenyewe maua anayoyapenda, na tutakwenda kuketi kwake kwa furaha.

Bwana azibariki nyumba zenu.