Kusafisha Nyumba Baada ya Mbwa Kufa kwa Kuhara Damu

Mbwa wako mdogo alikataa chakula, akatapika, akahara damu yenye harufu mbaya, na baada ya siku chache akafa. Watoto wanalia, nawe wataka kuwaletea mwingine kesho. Ngoja kwanza! Ukimlaza pahali pale pale, huyo naye aweza kufa.

Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na kirusi kiitwacho parvo, kilichojulikana duniani mwaka 1978. Parvo ya mbwa haiwapati watu, lakini viatu vyetu huichukua toka nyumba hata nyumba. Katika udongo wenye kivuli na baridi, kama wa milima yetu ya Masereka, yaweza kukaa mwaka mzima.

Sabuni peke yake haitoshi. Wakati wa Ebola, mwaka 2018 hadi 2020, watu wa Beni na Butembo walinawa kwa sabuni au kwa maji ya kloro. Kirusi cha Ebola kimevikwa utando wa mafuta. Sabuni huupasua, nacho hufa. Parvo haina utando huo. Sabuni huondoa uchafu tu. Kloro ndiyo inayoua.

Basi fanya hivi:

1. Funika mikono kwa mpira au plastiki. Zika mzoga katika shimo refu, mbali na kisima na chemchemi.

2. Choma majani na matambara aliyolalia.

3. Ondoa mavi na matapishi yote, kisha osha kwa sabuni. Uchafu ukibaki, humaliza nguvu za kloro.

4. Twaa kikombe 1 cha javeli (yenye nguvu ya 5 kwa 100), utie katika vikombe 30 vya maji. Lowanisha sakafu ya simenti, kuta za chini, sahani yake na nyayo za viatu. Ngoja dakika 10, ndipo usuuze. Fungua madirisha. Usichanganye javeli na siki wala dawa nyingine, maana hutoa hewa ya sumu.

5. Sakafu ya udongo haitakaswi kwa javeli. Paruza udongo wa juu, uuzike, na acha jua liingie. Hapo usilete mtoto wa mbwa kabla ya mwaka kwisha, isipokuwa amekwisha kupata chanjo zote. Chanjo huanza akiwa na majuma 6 hadi 8, hurudiwa kila majuma 3 au 4, mpaka juma la 16. Uliza mganga wa mifugo.

Angalia sana: kama mbwa yule alimwuma mtu kabla ya kufa, usiseme, "Ni kuhara tu." Labda alikuwa na kichaa pia. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha mpeleke mtu hospitalini siku ile ile. Kichaa cha mbwa huzuiwa kwa sindano mapema. Dalili zikiisha kuonekana, karibu wote hufa.

Mbwa mwema hulinda mbuzi na mlango wako. Kabla hajaja, mtengenezee pahali safi.