KALIBU NA TOFALI: MAMBO YA KLASI NA OBJEKTI



Siku hizi mishahara ya wengi wetu hapa Kigali huhesabiwa na kompyuta. Ukilalamika, karani hujibu: "Ni mashine." Jibu hilo lisitunyamazishe. Mashine hufuata maagizo yaliyoandikwa na mtu. Hata mimi niliyeishia shule ya msingi nimeelewa sehemu yake moja, nanyi mtaielewa.

Waandishi wa programu wana maneno mawili: klasi na objekti. Klasi hapa si tabaka tunalolitaja katika mikutano ya chama. Klasi ni kama kalibu ya mfyatua matofali, na objekti ni tofali lenyewe. Kalibu ni moja, matofali ni mengi.

Katika programu ya mishahara huandikwa klasi moja, tuseme inaitwa Mfanyakazi. Ndani yake mna mambo ya aina mbili. Kwanza ni mambo ya kukumbukwa: jina, mshahara wa mwezi, saa za ziada. Pili ni kazi za kufanywa: kuhesabu malipo ya saa hizo, kukata mchango wa pensheni. Kutokana na klasi hiyo kompyuta hutengeneza objekti moja kwa kila mtu. Mlinzi ana yake, mpishi ana yake. Kila objekti hubeba jina lake na saa zake, lakini zote hufuata hesabu ile ile ya klasi.

Tazameni Januari 2025. Mchango wa pensheni nchini Rwanda ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu mfanyakazi, nusu mwajiri. Programu iliyoandikwa vizuri hurekebishwa mahali pamoja tu, na hati za malipo za watu wote hubadilika.

Lakini kosa nalo husambaa vivyo hivyo. Katika kampuni moja walinzi walikuwa hawalipwi saa za usiku wa kuamkia sikukuu. Kila mwezi karani alisahihisha hati ya yule aliyelalamika, na mwezi uliofuata kosa likarudi. Alikuwa akipiga lipu tofali, na kalibu imepinda. Tulipodai hesabu yenyewe ikaguliwe, kosa likaonekana katika klasi, na wote wakalipwa, hata walionyamaza.

Klasi na objekti zilibuniwa Oslo, Norway, na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika lugha ya Simula ya mwaka 1967. Nygaard huyo huyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma wa Norway ili wazielewe kompyuta zilizokuwa zikiingia viwandani. Mwaka 1975 shirikisho la wafanyakazi na la waajiri wa nchi hiyo yakatiliana saini mkataba juu ya kompyuta kazini, na wafanyakazi wakapata haki ya kuelezwa habari zake kwa lugha inayoeleweka.

Basi, ndugu, mkiona kosa katika malipo, linganisheni hati zenu kwanza. Likiwa la mmoja, huenda saa zake zimeandikwa vibaya. Likiwa la wote, msikubali kusahihishiwa mmoja mmoja. Nendeni pamoja na mjumbe wenu, mdai kalibu inyooshwe.