Wachezaji Huru wa Doha na Asilimia Tano Isiyofika Nyumbani

Dirisha la usajili likifunguliwa Doha, mashabiki wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala hubishana juu ya majina: nani kamwaga wino, nani katemwa, nani katolewa kwa mkopo. Mawakala hubishana juu ya jambo jingine kabisa, nalo ni kama mchezaji anakuja kwa ada ya uhamisho au anakuja akiwa huru. Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaotafuta riziki ya soka katika Ghuba, jibu ni hilo la pili, na hapo ndipo hasara ya klabu zetu inapoanzia.

Mvuto wa Doha unajulikana. Qatar haikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Riyali imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.64 tangu mwaka 2001, kwa hiyo mchezaji anayejenga nyumba Kisumu au Morogoro anajua mwaka mzima atatuma kiasi gani. Ligi kuu ina timu 12, na karibu zote ziko ndani ya Doha au mwendo mfupi wa gari kutoka hapo. Mtu aliyezoea kulala ndani ya basi njia nzima kutoka Mwanza kwenda Mbeya anauelewa uzito wa hilo bila kuelezwa.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mshambuliaji mmoja Mkenya alitua Doha mwaka 2003, miaka miwili kabla ya kwenda Ufaransa. Mwingine akaja Januari 2021 akitokea Japani, ambako alikuwa mfungaji bora wa msimu wa 2020 kwa mabao 28, kisha akawa mfungaji bora wa ligi ya Qatar msimu wa 2021/22. Huyu wa pili ndiye anayetajwa kila kijana anapoaga nyumbani. Lakini yeye alipanda ngazi: Nairobi, Sweden, China, Hispania, Japani, ndipo Doha, na alinunuliwa. Wengi wanaofuata nyayo zake wanataka kuruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, na wanathaminiwa kwa bei ya ngazi ya kwanza.

Wakala mmoja mwenye leseni, mzaliwa wa Pwani ya Kenya ambaye kazi yake imegawanyika kati ya Doha na Nairobi, ana malalamiko ambayo wenzake wengi huyanong'ona tu. Tulimkuta kwenye mgahawa wa chai ya karak karibu na Souq Waqif, mbele yake mkataba wa kurasa tisa, Kiarabu safu ya kulia na Kiingereza kushoto. Katika ukurasa wa nne alikuwa amekizungushia penseli kifungu kinachosema mkataba utaanza kuwa na nguvu baada ya mchezaji kufaulu vipimo vya afya. Kanuni za shirikisho la soka la dunia zinakataza jambo hilo waziwazi: uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea vipimo wala kibali cha kazi. Klabu hutakiwa kumpima mtu kwanza, ndipo imsainishe. Anasema kifungu hicho kinarudi kila msimu, na kijana aliyekwisha kuagana na timu yake nyumbani hana ubavu wa kukikataa. Akirudishwa, dirisha la kwao limeshafungwa, na nusu msimu umempita bila mshahara.

Lakini kinachomuuma zaidi ni hesabu yake mwenyewe. Ili apate leseni alifanya mtihani ulioanza Aprili 2023, maswali 20, alama ya kupita asilimia 75, kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kanuni mpya ziliweka kikomo cha malipo ya wakala wa mchezaji: asilimia 5 ya mapato ya mteja wake ikiwa hayazidi dola 200,000 kwa mwaka, na asilimia 3 kwa kinachozidi hapo. Kikomo hicho kilisimamishwa mwishoni mwa Desemba 2023 kutokana na kesi za Ulaya, ila anadai klabu zinaendelea kukitumia kumbana mtu mdogo. Chukua mchezaji wa dola 4,000 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Hiyo ni dola 48,000, na asilimia 5 yake ni dola 2,400, tena kwa awamu, kadiri mchezaji anavyolipwa. Mshahara ukichelewa, na yeye anachelewa. Tiketi, video za mechi na vipimo vya awali alikwisha kuvilipia mfukoni.

Halafu anakuja mtu wa kati asiye na leseni, anayefahamiana na meneja wa timu, na kutaka mgawo wake kabla karatasi haijaenda mezani. Wakala wetu anasema asipompa, jina la mchezaji wake linakaa chini ya rundo hadi siku ya mwisho ya dirisha. Akimpa, faida imekwisha. Yapo maelezo ya upande wa pili, bila shaka, na mawakala si malaika. Kuna waliowaacha vijana wetu hotelini Doha bila nauli ya kurudi. Hata hivyo malalamiko ya mgawo yamesikika kwa watu wengi mno hata hayawezi kuwa ya mtu mmoja mwenye kinyongo.

Ofisa mmoja wa soka katika nchi mojawapo ya Afrika Mashariki, aliyeomba asitajwe, anaona mambo kwa jicho jingine. Kwake kila kijana anayekwenda Ghuba ni mapato ya taifa, na takwimu anayoirudia katika kila mazungumzo ni moja: asilimia 5. Hiyo ni fedha ya mshikamano, inayokatwa kwenye ada ya uhamisho na kugawiwa klabu zote zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Anasema tangu Novemba 2022, ilipoanza kazi ofisi maalumu ya malipo jijini Paris, klabu ya kijijini haihitaji tena kumfukuzia mtu yeyote. Fedha zinapita zenyewe.

Tuifuate hesabu yake. Mchezaji akiuzwa dola 1,000,000, asilimia 5 ni dola 50,000. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 unabeba sehemu moja ya ishirini ya fedha hizo, yaani dola 2,500, na kila msimu wa umri wa miaka 16 hadi 23 unabeba sehemu moja ya kumi, dola 5,000. Klabu ya Arusha iliyomlea kijana kuanzia miaka 16 hadi 19 ingepata dola 20,000. Kwa klabu inayokodi uwanja wa shule kufanya mazoezi, hizo ni fedha za kubadilisha maisha yake.

Tatizo ni kwamba ofisa anaanza hesabu kwenye milioni moja, wakati wachezaji anaowazungumzia wanaondoka bila ada yoyote. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Mkataba ukiisha Juni na mchezaji akasaini Doha Julai, hakuna ada, na pasipo ada hakuna mshikamano. Tena kanuni zinamruhusu mchezaji kuingia makubaliano na klabu mpya miezi sita kabla ya mkataba wake kuisha, kwa hiyo klabu ya nyumbani inayosubiri hadi mwezi wa mwisho kumwita mezani huwa imechelewa nusu mwaka. Ofisa alipoulizwa ni wangapi katika wachezaji wa nchi yake walioko Ghuba waliondoka kwa ada, hakutoa namba.

Ipo fidia nyingine, ya malezi, ambayo hulipwa hata mchezaji akiwa huru, mradi hajavuka msimu anaotimiza miaka 23. Viwango vya Asia ni dola 40,000, 10,000 au 2,000 kwa kila mwaka wa malezi, kutegemea daraja la klabu inayomsajili. Juu ya karatasi hii ndiyo ngao ya klabu ndogo. Wakala wetu anasema ndiyo pia sababu ya klabu za ughaibuni kuomba barua ya msamaha kutoka klabu ya nyumbani kabla ya kumpokea kijana, na barua hizo huandikwa usiku mmoja na katibu ambaye hajui anasaini kuacha nini. Na hata kwa anayejua, lazima kijana awe amesajiliwa tangu utotoni. Vituo vingi vya kulea vipaji mitaani kwetu havimo katika daftari lolote la shirikisho. Ofisi ya Paris hufuata kumbukumbu za usajili za kielektroniki na hukagua nyaraka na akaunti za klabu kabla ya kutoa senti. Jasho la kocha wa Temeke ambaye timu yake haikusajiliwa haliingii humo.

Jambo moja linastahili kuangaliwa kwa karibu katika miaka hii. Qatar ndiyo mwenyeji wa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kila mwaka, kuanzia 2025 hadi 2029, likiwa na timu 48, na Uganda ilikuwamo katika la kwanza. Wasaka vipaji wa dunia nzima wanakutana Doha kila mwaka. Lakini uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu soka. Kijana anaonekana Doha akiwa na miaka 17, anarudi nyumbani kucheza kwa mkataba wa mwaka mmoja au bila mkataba kabisa, na anapotimiza miaka 18 anasafiri akiwa huru. Tunamwonyesha wenyewe sokoni, kisha tunamwachia aondoke bure.

Wanaoufuatilia mchezo wa besiboli wa Marekani wataona tofauti katika maana ya mchezaji huru. Kule mchezaji hukaa chini ya klabu hadi atimize misimu sita ya ligi kuu ndipo awe huru, na kabla ya hapo klabu zinaweza kumbadilisha na mwenzake bila hata kumuuliza. Akishakuwa huru ndipo bei inapaa: Desemba 2024 klabu moja ya New York ilikubali kumlipa mchezaji mmoja dola milioni 765 kwa miaka 15. Katika soka mkataba kwa kawaida hauzidi miaka mitano, na mchezaji hahamishwi bila ridhaa yake. Uhuru ni mkubwa zaidi, lakini kwa mchezaji asiye na jina uhuru huo unaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyelipa kitu, na asiyelipiwa kitu ni rahisi kutemwa.

Kuhusu usalama wa mkataba wenyewe, wenyeji wanasema mambo yamebadilika, na kwa sehemu ni kweli. Mchezaji Mfaransa mwenye asili ya Algeria aliyekuwa na mgogoro wa mishahara na klabu yake hakuweza kutoka Qatar hadi Novemba 2013, kwa sababu mwajiri alipaswa kuidhinisha ruhusa ya kuondoka. Sheria ya 2018 iliondoa ruhusa hiyo kwa wafanyakazi wengi, na mageuzi ya 2020 yakaondoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa anayehama mwajiri. Kanuni za soka nazo zinampa haki mchezaji asiyelipwa miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kuandika notisi ya siku 15. Lakini mchezaji mwenye mkataba wa mwaka mmoja, aliyeandikiwa nyumba na gari kwa jina la klabu, hufikiri mara mbili kabla ya kuandika notisi hiyo. Kwa hiyo maelezo ya wenyeji hayatoshelezi kama yanavyosikika.

Matarajio ya misimu ijayo si rahisi kuyapima. Soka la Asia liliondoa kikomo cha wachezaji wa kigeni katika mashindano yake makubwa ya klabu kuanzia msimu wa 2024/25, jambo ambalo kinadharia linaongeza nafasi. Lakini idadi ya wageni katika ligi ya ndani ya Qatar imekuwa ikibadilishwa mara kwa mara, na majirani wa Saudi Arabia, waliotumia takriban dola milioni 875 katika dirisha moja la kiangazi la 2023, wamepandisha bei za majina makubwa. Nafasi inayoongezeka huenda ikaishia kwa Wabrazili na waliotoka Ulaya, na vijana wetu wakasukumwa daraja la pili, Oman au Iraq. Au klabu zilizochoka na bei za mastaa zikageukia Afrika. Mawakala wanasema yote mawili, kutegemea siku.

Wito kwa viongozi wa klabu za Tanzania, Kenya na Uganda ni huu: msajilini kijana kwenye mfumo akiwa na miaka 12, mpeni mkataba wa miaka mitatu kabla ya kumpeleka timu ya taifa ya vijana, na msisaini barua ya msamaha bila mwanasheria. Na wewe mzazi ambaye mwanao anasubiri tiketi ya Doha, omba namba ya leseni ya wakala, soma kifungu cha vipimo, na hakikisha tarehe ya mshahara imeandikwa kabla hajapanda ndege.