Sumu isiyooza: tope la Sabaki limebeba nini?

Mto Sabaki hauanzii Malindi. Maji yake yatoka bara, yakiwemo ya Mto Nairobi. Huko juu mto huitwa Athi, ukipita Tsavo ukawa Galana, kisha hutufikia sisi na kumwagika baharini. Kwa hivyo kinachotupwa mtoni huko juu, kutoka viwandani au kwenye jaa la Dandora, kina njia ya kuja hadi kwetu.

Taka za jikoni huoza zikaisha. Metali nzito kama risasi, kadmiamu na zebaki haziozi. Hushika kwenye chembe za tope laini na kusafiri nazo. Mto ukikutana na maji chumvi, chembe hizo hugandana na kutua, na mizizi ya mikoko hulizuia tope lisiende mbali. Mlango wa mto ndio ghala lao. Tena chumvi yaweza kuibandua kadmiamu kutoka kwenye tope na kuirudisha majini, wanamoishi kaa na chaza.

Hata hivyo, tusitishane bure. Kila udongo una metali kidogo za asili. Wataalamu hulinganisha kiasi kilichopo na kile cha asili, kisha huzidisha kwa ukali wa sumu yenyewe. Katika kipimo alichotoa Lars Hakanson wa Sweden mwaka 1980, zinki hupewa 1, risasi 5, kadmiamu 30 na zebaki 40. Risasi ikiwa mara mbili ya kiasi cha asili hupata 10, hatari ndogo. Kadmiamu ikiwa mara mbili hupata 60, hatari ya wastani. Kwa hivyo ukiambiwa "kuna metali", uliza ni ipi, na imezidi mara ngapi.

Owino Uhuru, Mombasa, imetupa funzo. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi iliyotokana na kuyeyusha betri kuukuu. Hukumu ilikuja watu wameshaumia.

Sisi tudai mapema: tope la Sabaki lipimwe mara kwa mara, kabla na baada ya mafuriko, na majibu yasomwe barazani kwa Kiswahili. Nyumbani, tuoshe mboga vizuri, na akina mama waja wazito waache kula udongo. Wala tusidanganyane kwamba kuchemsha maji kunatosha. Moto huua vijidudu. Risasi hubaki sufuriani.